Alexander Graham Bell: Jina lake limo kwenye simu yako hadi leo

Piga simu kutoka Iringa mjini kwenda Mbeya, zaidi ya kilomita 300. Sauti ikianza kufifia, kipimo cha kujua imepotea kiasi gani kimebeba jina la mtu aliyefariki mwaka 1922: Alexander Graham Bell.

Alizaliwa Machi 3, 1847, Edinburgh, Scotland. Mama yake alikuwa hasikii vizuri, baba yake mwalimu wa matamshi. Ndugu zake wawili walikufa kwa kifua kikuu, na mwaka 1870 wazazi wakahamia naye Canada ili kumwokoa. Mwaka uliofuata alikuwa Boston, Marekani, akifundisha viziwi kuzungumza.

Huku nyuma alikuwa akihangaika na waya. Alitaka kutuma telegramu kadhaa kwa mpigo kwenye waya mmoja, kila moja na mlio wake. Milio hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye simu.

Februari 14, 1876, maombi yake ya hataza yaliwasilishwa siku moja na karatasi za mpinzani wake, Elisha Gray. Bell ndiye aliyepewa, Machi 7. Kesi zikamwandama hadi Mahakama ya Juu ilipompa ushindi mwaka 1888.

Mwaka 1877 alimuoa Mabel Hubbard, mwanafunzi wake aliyekuwa kiziwi tangu akiwa na miaka 5. Lakini Bell huyo huyo alipinga lugha ya alama shuleni, akitaka viziwi wasome midomo na kuongea. Kwa hilo, wapo viziwi wanaomlaumu mpaka leo.

Alifariki Agosti 2, 1922, Nova Scotia, Canada. Siku ya mazishi, simu za Marekani na Canada zilinyamazishwa kwa dakika moja.

Mwaka 1928, wahandisi wa kampuni za simu za Bell wakakiita kipimo chao desibeli, kwa heshima yake.

Kinafanyaje kazi? Tuseme fundi wa simu za waya yuko Iringa. Anaingiza kwenye laini mlio wa miliwati 1, wenye mitetemo 1,000 kwa sekunde. Mwenzake Mbeya anasoma mita. Zikipungua desibeli 3, nusu ya nguvu imepotea njiani. Zikipungua 10, imebaki moja ya kumi tu. Wakirudia kipande kwa kipande, Mafinga kisha Makambako, wanajua kebo imeingia maji wapi, au ni kiungo gani kimeshika kutu.

Na wewe unacho kipimo hicho mfukoni. Kwenye simu nyingi za Android, ingia kwenye mipangilio, tafuta hali ya laini. Utaona namba yenye alama ya kutoa, mbele yake dBm. Hiyo B kubwa ni ya Bell. Ikishuka kutoka -80 hadi -110 ukiwa kwenye kona za Kitonga, usishangae simu ikikata: mawimbi yamepungua nguvu mara 1,000.