Booker T. Washington: Aliyezaliwa mtumwa, akafundisha vijana kuchoma matofali na kujiajiri

UKIMALIZA masomo leo ukose kazi, ushauri utakaopewa na kila mtu, kuanzia mjomba hadi mwanasiasa, ni neno moja tu: jiajiri.

Poa. Lakini wanaokwambia hivyo huwa hawafiki sentensi ya pili. Ujiajiri kwa kufanya nini? Nani atakufundisha? Hela za kuanzia zitoke wapi? Na ukishatengeneza hiyo bidhaa yako, nani atainunua?

Kuna jamaa mmoja wa Marekani aliyejaribu kuyajibu maswali haya yote zaidi ya miaka 140 iliyopita, tena kwa vijana ambao hali yao ilikuwa ngumu kuliko yetu. Anaitwa Booker T. Washington. Maisha yake yana mengi ya kuiga. Yana pia jambo moja la kutufanya tukae macho, na jambo hilo lilifika hadi hapa kwetu Kabete. Tuanze mwanzo.

PIPA NAMBARI 18

Booker alizaliwa mtumwa mwaka wa 1856 katika shamba moja jimbo la Virginia. Mamake, Jane, alikuwa mpishi wa shamba hilo. Babake alikuwa Mzungu ambaye Booker hakuwahi kumjua. Kulala kwao kulikuwa chini, kwenye sakafu ya udongo.

Utumwa ulipoisha mwaka wa 1865, familia ilihamia Malden, West Virginia, ambako baba wa kambo alikuwa amepata kazi ya kuchemsha chumvi. Booker, akiwa mtoto wa miaka tisa hivi, aliingizwa kazini humo. Wakati mwingine alianza saa kumi alfajiri. Kila mpakiaji alikuwa na nambari yake iliyoandikwa kwenye mapipa ya chumvi, na ya baba wa kambo ilikuwa 18. Hiyo 18 ndiyo kitu cha kwanza Booker alichojua kusoma maishani. Baadaye aliteremka kwenye mgodi wa makaa ya mawe, na humo gizani ndimo alimosikia wachimbaji wawili wakipiga stori kuhusu shule ya watu weusi iitwayo Hampton, ambako mwanafunzi asiye na karo anaweza kulipa kwa kufanya kazi.

Mwaka wa 1872, akiwa na miaka 16, aliondoka nyumbani kwenda kuitafuta. Safari ilikuwa ya karibu kilomita 800. Pesa zilimwishia njiani. Alipofika mji wa Richmond alilala chini ya njia ya mbao ya waenda kwa miguu, mchana akapakua shehena ya chuma kutoka kwa meli ili apate chakula na nauli. Alifika Hampton akiwa na senti 50 mfukoni, mchafu, nguo zimechakaa.

Mwalimu aliyempokea hakumpa mtihani wa hesabu wala Kiingereza. Alimpa ufagio akamwambia asafishe darasa. Booker alifagia mara tatu, akapangusa vumbi mara nne. Mwalimu akapitisha kitambaa ukutani, hakikuchafuka. Basi, akawa amepita. Alipewa kazi ya kusafisha majengo na hivyo ndivyo alivyolipia masomo hadi akamaliza 1875.

SHULE ILIYOTOKANA NA KURA

Hapa nataka tutembee polepole, maana sehemu hii huwa inarukwa.

Katika mji mdogo wa Tuskegee, Alabama, kulikuwa na fundi wa mabati aliyeitwa Lewis Adams, naye pia aliwahi kuwa mtumwa. Mwaka wa 1880 mgombea mmoja wa Kizungu alimwendea akitaka kura za watu weusi. Adams hakuomba fulana wala unga. Aliomba shule. Mgombea akashinda, na jimbo likatenga dola 2,000 kwa mwaka kwa ajili ya shule ya walimu weusi. Booker, akiwa na miaka 25, ndiye aliyeitwa kuiongoza.

Kufika huko, akakuta hakuna shule. Zile dola 2,000 zilikuwa za mishahara pekee. Hakuna ardhi, hakuna jengo, hakuna hata dawati. Alifungua masomo Julai 4, 1881 kwenye kibanda kibovu karibu na kanisa, akiwa na wanafunzi 30. Mvua ikinyesha, mwanafunzi mmoja alikuwa akiacha kusoma ili amshikie mwalimu mwavuli.

Baadaye kidogo shamba la ekari 100 lililokuwa limeachwa likatangazwa kuuzwa kwa dola 500. Booker hakuwa na hata senti. Akamwandikia mweka hazina wa Hampton, naye akamkopesha dola 250 kutoka mfukoni mwake mwenyewe. Mwalimu mwenzake, Olivia Davidson, ambaye baadaye alikuja kuwa mkewe, akaandaa mauzo ya vyakula na kupita nyumba kwa nyumba mjini, kwa weusi na Wazungu. Ndani ya miezi mitano hivi shamba lote lilikuwa limelipwa. Banda la kuku na zizi la farasi yakageuzwa madarasa.

Kwa hivyo ukisikia mtu akisema Booker alianza bila chochote, mrekebishe. Alianza na kura za watu wake, dola 2,000 za serikali, mkopo wa mtu aliyemwamini na mama mboga waliotoa mayai na kuku ili viuzwe. Bidii ilikuwepo, tena nyingi. Lakini bidii ilikuta mahali pa kushika.

TANURI TATU ZILIZOANGUKA

Shule ilihitaji majengo. Mji mzima haukuwa na mtu wa kuchoma matofali, na wateja wa matofali walikuwepo tele. Booker aliona mambo mawili kwa mpigo: shule itajengwa na wanafunzi wake, na matofali yatakayobaki yatauzwa.

Tatizo ni kwamba hakuna aliyejua kazi hiyo. Wanafunzi walisimama kwenye shimo la udongo, tope hadi magotini, saa nyingi kwa siku. Wengi walichukia. Walikuwa wamekuja kusoma vitabu ili waache kushika udongo, na wazazi wengine waliandika barua kulalamika. Baadhi ya wanafunzi waliacha shule kwa sababu ya hilo shimo.

Wakafinyanga kama matofali 25,000, wakawasha tanuri. Likafeli. Wakajenga la pili, nalo likafeli. La tatu lilihitaji moto wa karibu wiki nzima, na saa chache kabla ya kukamilika likaporomoka usiku wa manane. Pesa zilikuwa zimeisha na walimu wakamshauri aachane na hayo mambo.

Booker akachukua saa yake, akaenda mji wa Montgomery, akaiweka rehani kwa dola 15. Kwa hela hizo wakajenga tanuri la nne. Hilo lilikubali. Saa hakuikomboa tena.

Miaka isiyofika 20 baadaye, wanafunzi wa Tuskegee walikuwa wakitengeneza matofali 1,200,000 kwa msimu mmoja. Majengo 40 yalikuwa yamesimama, na yote isipokuwa manne yalijengwa karibu kabisa kwa mikono ya wanafunzi. Mchoraji wa mengi ya majengo hayo alikuwa Robert Taylor, mtu mweusi wa kwanza kuhitimu katika chuo cha MIT.

Lakini kinachonivutia zaidi ni soko. Wazungu wa eneo hilo, ambao wengi hawakutaka kusikia habari ya mtu mweusi kusoma, walianza kuja shuleni kununua matofali kwa sababu yalikuwa mazuri. Baadaye wakaja kununua magari ya kukokotwa na farasi, kisha kutengenezewa yaliyoharibika. Shule haikuuza huruma. Iliuza kitu ambacho mji ulikuwa umekikosa.

Kwa wale wasioweza kufika shuleni, alipeleka shule kwao. Mwaka wa 1906 Tuskegee ilianzisha gari lililovutwa na nyumbu, likiwa limebeba majembe, mbegu na vifaa vya maziwa, likipita vijijini kufundisha wakulima pale pale shambani. Wazo hilo lilipewa sura na George Washington Carver, mwanasayansi ambaye Booker alimwajiri mwaka wa 1896.

MTANDAO WA BIASHARA

Mwaka wa 1900, jijini Boston, Booker alianzisha chama cha wafanyabiashara weusi, National Negro Business League. Vinyozi, wenye maduka, wazishi na wenye benki ndogo walikutana kila mwaka kueleza wanavyofanya kazi, wanavyopata faida na wanavyopoteza. Yaani, badala ya kila mtu kufunga siri yake, walifundishana.

Si kwamba milango ilikuwa wazi kwa wote. Katika mkutano wa 1912 mjini Chicago, Madam C.J. Walker, mama aliyeanza kwa kufua nguo na sasa alikuwa na kiwanda cha mafuta ya nywele, aliomba nafasi ya kuzungumza. Booker akampuuza. Siku ya mwisho mama huyo alisimama mwenyewe bila kualikwa akaeleza safari yake. Mwaka uliofuata alikuwa kwenye orodha ya wasemaji. Kina dada, hilo mnalijua vizuri.

ALIPOTELEZA

Sasa tuje kwa jambo lenye utata. Septemba 1895 Booker alihutubu mjini Atlanta mbele ya umati wa Wazungu na weusi. Ujumbe wake kwa ufupi: watu weusi wajenge kwanza ujuzi na mali, wasisukume sana haki za kisiasa na usawa wa kijamii kwa sasa. Wazungu walimpigia makofi sana. Matajiri wa kaskazini wakafungua pochi, na mwaka wa 1901 Rais Theodore Roosevelt akamwalika chakula cha jioni Ikulu.

Lakini mwaka huo huo wa 1901, Alabama ilipitisha katiba iliyowapokonya kura karibu watu weusi wote. Magenge yaliendelea kuwaua watu weusi hadharani, hata waliokuwa na maduka na mashamba yao. Msomi W.E.B. Du Bois akamkosoa waziwazi mwaka wa 1903: fundi asiye na kura hawezi kulinda hata karakana yake.

Booker hakuwa kipofu. Kisirisiri alilipia kesi mahakamani kupinga sheria hizo za kura. Hadharani alinyamaza, akihofia shule. Na mimi hapo ndipo ninaposhindwa kumtetea, kwa sababu Tuskegee yenyewe ilitokana na kura. Bila Lewis Adams na kura alizokusanya, hakungekuwa na tanuri la kwanza, achia mbali la nne.

Booker alifariki Novemba 14, 1915, akiwa na miaka 59. Shule ilikuwa na majengo zaidi ya 100 na wanafunzi wapatao 1,500. Alizikwa hapo hapo Tuskegee, kwenye kaburi la matofali yaliyotengenezwa na wanafunzi.

JINSI ALIVYOFIKA KABETE

Miaka tisa baadaye, mwaka wa 1924, Tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizuru Afrika Mashariki kuangalia elimu ya Waafrika. Ilipendekeza mfumo wa Hampton na Tuskegee. Mwaka wa 1925 serikali ya kikoloni ikafungua Jeanes School huko Kabete, kufunza walimu watakaozunguka vijijini wakifundisha kilimo, usafi na kazi za mikono.

Kwa karatasi, wazo lilikuwa zuri. Ila serikali hiyo hiyo ilikuwa imemzuia Mwafrika kulima kahawa yake, imechukua ardhi, na haikumpa kura. Ujuzi ulitolewa, soko likafungwa. Wazazi wa Kikuyu waliiona janja hiyo wakaanza kujenga shule zao huru. Na tazama mzunguko huu: Mbiyu Koinange, aliyesomea Hampton ile ile aliyosomea Booker, alirudi akaanzisha chuo cha walimu Githunguri mwaka wa 1939, chuo cha Waafrika wenyewe. Pale Jeanes School ilipokuwa ndipo sasa penye Kenya School of Government, wanakofunzwa maafisa wa serikali.

TUBEBE NINI

Mimi ni mmoja wa walioacha chuo kabla ya kuhitimu, kwa hivyo stori ya ufagio na pipa la chumvi inanigusa. Cheti si mlango wa pekee. Jifunze kitu hadi mikono yako ikijue: mjengo, ushonaji, kutengeneza simu, mapishi. Angalia mtaa wako umekosa nini kabla ya kufungua biashara ya nne ya aina moja kwenye barabara moja. Ukifeli tanuri la tatu, chunguza limeporomoka kwa nini kabla ya kuwasha lingine. Na ukishajua, mfundishe anayekufuata.

Lakini wakija kutuambia tujiajiri, tusiishie kuitikia. Tuulize mafunzo yako wapi, na ni mkopo gani unaompa mtu muda wa kuchoma matofali, si ule wa simu unaodai baada ya wiki mbili. Tuulize kwa nini kanjo anabeba bidhaa za mtu aliyefanya kile kile alichoambiwa afanye. Tuulize zabuni za kaunti zinaenda kwa nani.

Mwaka wa uchaguzi watakuja kuomba kura, kama yule mgombea alivyomwendea fundi wa mabati kule Alabama. Kumbuka Lewis Adams aliomba nini.