Siti binti Saad hakuikana asili yake

Jamii nyingi zina mazoea ya kumpangia mtu maisha kabla hajaanza kuyaishi. Huyu kazaliwa kwa fulani, basi kimo chake ni hiki. Yule ni mwanamke, basi mipaka yake ni ile. Mwalimu anayetafuta mfano wa mtu aliyekataa kupangiwa hana haja ya kwenda mbali. Na amtazame Siti binti Saad wa Unguja.

Siti alizaliwa yapata mwaka wa 1880 katika kijiji cha Fumba. Baba yake alikuwa na asili ya Unyamwezi, na mama yake ya Uzigua. Utumwa ulikuwa bado halali kisiwani, kwani haukufutwa kisheria hadi mwaka wa 1897, na mtoto huyo akaitwa Mtumwa. Jina la Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima, alilipata baadaye ukubwani. Hakubahatika kupata elimu. Alichorithi kwa mama yake ni ufinyanzi. Alifinyanga vyungu, akavitembeza kwa miguu, akiimba ili kuwavuta wanunuzi. Machoni pa wengi, hayo ndiyo yaliyomstahili mtu wa tabaka lake, na hakutazamiwa kuvuka hapo.

Mwaka wa 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na Ali Muhsin, mwanamuziki wa Nadi Ikhwani Safaa, chama cha taarab kilichoasisiwa mwaka wa 1905, naye akamfunza kuimba kwa kufuata ala na kuimba kwa Kiarabu. Zama hizo taarab ilikuwa burudani ya jumba la Sultani na ya matajiri, na aghalabu iliimbwa kwa Kiarabu. Mfinyanzi wa kike kutoka shamba hakutarajiwa kuonekana humo, seuze kusikika.

Husuda haikukawia. Walikuwako waliomsimanga kwa nasaba yake na kumcheka kwa sura yake. Siti angeweza kurudi Fumba kwa aibu. Angeweza pia kujitungia ukoo asiokuwa nao na kujivika unyumba wa wakubwa, kama walivyofanya wengine. Hakufuata njia yoyote kati ya hizo mbili. Alijibu kwa wimbo, akashikilia kwamba si uzuri wa uso wala ukubwa wa ukoo unaompa mtu thamani, bali ni akili yake.

La kuzingatia zaidi ni jinsi alivyoitumia elimu aliyoipata. Kiarabu alijifunza, na kwa Kiarabu aliwaimbia wakubwa. Lakini hakukifanya ngazi ya kuwakimbilia watu wake. Akiwa na wenzake, miongoni mwao Subeit bin Ambar, Budda Swedi, Mwalimu Shaaban na Mbaruku, aliipa taarab lugha ya Kiswahili, lugha ya wachukuzi, wapishi na wafinyanzi wenziwe. Mwaka wa 1928 walisafiri hadi Bombay, Uhindi, wakarekodi santuri ambazo ni miongoni mwa za kwanza kabisa za nyimbo za Kiswahili. Santuri hizo zilienea pwani yote na bara.

Wala umaarufu haukumziba kinywa. Wimbo wake juu ya mtu aitwaye Kijiti ulisimulia kisa cha mwanamke aliyeuawa, muuaji akatoroka, na adhabu ikawaangukia wanawake waliokuwa wamefuatana na marehemu. Msanii aliyekaribishwa majumbani mwa wenye nguvu alitarajiwa kuwasifu. Yeye aliimba dhuluma waliyotendewa wanyonge.

Siti alifariki mwaka wa 1950. Shaaban Robert, gwiji wa fasihi ya Kiswahili, aliona vyema kuuandika wasifu wake. Nao wanahabari wanawake wa Tanzania, walipoanzisha jarida la chama chao, waliliita Sauti ya Siti.

Wako wanafunzi wanaodhani kwamba kuwa mkweli kwa nafsi ni kukataa kila wanachofunzwa. Siti hakuwa hivyo. Alikaa mbele ya mwalimu, akajifunza kwa bidii mambo yaliyokuwa mageni kwake. Wako na wengine wanaodhani kwamba kuelimika ni kuona haya ya lugha ya mama na kazi ya baba. Siti hakuwa hivyo pia. Wahenga walinena kuwa mwacha mila ni mtumwa, na binti huyu aliyepewa jina hilo utotoni alithibitisha kwamba halikuwa lake.

Kwetu sisi walimu, ipo hoja nzito zaidi. Laiti Ali Muhsin angaliangalia vyungu na nasaba tu, sauti ile ingaliishia njiani. Darasani mwetu wamo watoto ambao tumekwisha kuwakadiria kwa mavazi yao, kwa lafudhi zao na kwa kazi za wazazi wao. Inafaa tuwasikilize kwanza kabla ya kuwapangia kimo.