Mwana wa Almami Aliyeuzwa Natchez

Wengi wetu tumesoma habari za Wamarekani walivyopigana na Mwingereza, wakajitangazia uhuru wao mwaka 1776, kisha wakaandika katiba yao ambayo ilithibitishwa mwaka 1788. Leo nataka niwahadithie habari za mtu ambaye katika mwaka huo huo wa 1788 alifikishwa upande ule wa dunia akiwa katika minyororo. Mtu huyo alikuwa Mwislamu, mwanachuoni, na mwana wa mfalme. Jina lake Abdulrahman bin Ibrahima Sori, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Alizaliwa mwaka 1762 na kulelewa Timbo, mji mkuu wa Futa Jalon, nchi ya milima iliyomo katika Guinea ya leo. Watu wake ni Wafulani. Baba yake, Ibrahima Sori, alikuwa Almami, na neno hilo kwao lilikusanya mambo mawili, uimamu na utawala. Kijana alipokwisha kuhitimu chuoni nyumbani, alipelekwa mbali kutafuta elimu, akasoma Jenne na Timbuktu. Huko Futa Jalon watu waliiandika lugha yao ya Kifulani kwa herufi za Kiarabu, kama sisi wa pwani tulivyoandika Kiswahili chetu. Hilo la kalamu naomba msomaji aliweke moyoni, maana tutalirudia.

Yapata mwaka 1781 alitokea Timbo mzungu mmoja, mgonjwa, hajiwezi. Alikuwa Mwairishi, Dakta John Cox, tabibu wa merikebu, aliyeshuka pwani kuwinda akapotea njia, na merikebu ikamwacha. Almami alimpokea kama mgeni apokewavyo katika nyumba ya Kiislamu. Alikaa hapo miezi mingi, akauguzwa, akala na kulala bila kudaiwa kitu. Alipotaka kwenda kwao, Almami alimpa dhahabu na watu wa kumsindikiza mpaka pwani. Wema huo uliondoka na Dakta Cox, na watu wa Timbo hawakuufikiria tena.

Mwaka 1788 Abdulrahman, wakati huo amiri wa askari wa farasi na mwenye umri wa miaka 26, alitumwa na baba yake vitani. Wakati wa kurejea alivamiwa njiani katika bonde la milima, akashikwa, akauzwa kwa wafanya biashara ya watumwa na kuteremshwa hadi mto Gambia. Kutoka hapo alipakiwa baharini mpaka kisiwa cha Dominica, kisha New Orleans, kisha akapandishwa mto Mississippi mpaka Natchez. Natchez ya siku zile ilikuwa bado chini ya Hispania, lakini walowezi Wamarekani walikwisha anza kumiminika huko kutafuta ardhi. Mmoja wao, Thomas Foster, kijana wa makamo yake Abdulrahman, alimnunua pamoja na mwenzake kwa dola 930 wote wawili.

Alijaribu kueleza kwamba yeye ni mwana wa Almami, na kwamba baba yake angemkomboa kwa dhahabu. Foster hakusadiki, ama hakutaka kusadiki. Alimkata nywele zake ndefu, ambazo kwao zilikuwa alama ya hadhi, na akamwita Prince, yaani mwana wa mfalme, kwa kejeli. Jina hilo la mzaha lilikuwa ndiyo kweli yenyewe. Mtu aliyezoea farasi na vitabu alipewa jembe. Alikataa, akapigwa, akatoroka na kuishi mwituni kwa wiki kadhaa. Lakini mwitu ule haukuwa na njia ya kumrudisha Timbo. Alirudi kwa Foster mwenyewe, kwa miguu yake. Nimekutana na watu waliomwona mnyonge kwa kurudi kule. Mimi sioni hivyo. Mtu aliyezungukwa na bahari ya Atlantiki hujiua, au huishi na kungoja, na dini yake haikumruhusu lile la kwanza.

Basi alingoja miaka 40. Na katika miaka hiyo Marekani ilikua mbele ya macho yake. Mwaka 1793 Eli Whitney alibuni mashine ya kuchambua pamba, na watu wa Natchez, waliokuwa wakilima tumbaku, wakageukia pamba. Mwaka 1795 Hispania ilikubali kwa mkataba kuiacha Natchez, na mwaka 1798 bendera ya Marekani ikapandishwa. Mwaka 1817 Mississippi ikawa jimbo kamili. Kila hatua ambayo vitabu huiita kupanuka kwa taifa huru, kwa wazalendo wa nchi, Wachoctaw na Wachickasaw, ilikuwa ni kupunguziwa ardhi, na kwa mtumwa ilikuwa ni ekari nyingine za kulima. Foster alitajirika sana. Sisi pia tuna kipande chetu katika habari hii. Pamba ya kusini ilifumwa katika viwanda vya kaskazini, na nguo yake ikaletwa Unguja na merikebu za mji wa Salem. Ndiyo ile ambayo wazee wetu waliivaa na kuizikia maiti, wakaiita amerikani. Nadhani wachache walijua ilikotoka pamba yake.

Mwaka 1794 Abdulrahman alimwoa Isabella, mtumwa wa Foster, mwanamke Mkristo aliyejua kazi ya ukunga. Wakapata watoto tisa, wanaume watano na wanawake wanne, wote wakiwa mali ya Foster kwa sheria ya nchi. Alifanywa msimamizi wa wenzake, na akaruhusiwa kulima bustani yake na kuuza mazao sokoni.

Mwaka 1807 alikuwa katika mji mdogo wa Washington, jirani na Natchez (si ule mji mkuu), akiuza viazi vitamu, akapita mzungu juu ya farasi. Yule mzungu alimtazama, akasimama, akamwuliza anakotoka. Alikuwa Dakta Cox. Miaka ishirini na zaidi imepita, bahari imevukwa, na bado walitambuana papo hapo. Cox alitaka kumnunua ili amwache huru, akatoa dola 1,000, pesa nyingi mno kwa mtu mwenye umri wa miaka 45. Foster akakataa, kwa kuwa watumwa wake walimtii Abdulrahman, naye hakutaka kumpoteza. Cox hakuacha kujaribu mpaka alipofariki mwaka 1816, na mwanawe akaendelea baada yake. Lakini kukutana kule hakukupotea bure, kwani tangu siku ile mji mzima ulijua kwamba Prince wa Foster ni mwana wa mfalme kweli.

Miongoni mwa waliolijua hilo ni Andrew Marschalk, mpiga chapa na mwenye gazeti. Mwaka 1826 Abdulrahman alimkabidhi barua aliyoiandika kwa Kiarabu. Naomba tuliangalie jambo hili kidogo. Miaka 38 hakuwa na kitabu, hakuwa na mwalimu, wala msikiti. Yasimuliwa kwamba alipopumzika shambani alichora herufi mchangani asije akazisahau. Aliyesomea chuoni kwa ubao na wino ataelewa kazi iliyomo humo.

Marschalk alidhani mwandishi ni mtu wa Moroko, na barua ikapelekwa serikalini, kisha kwa balozi mdogo wa Marekani huko Tanja. Marekani ilikuwa na mkataba wa urafiki na Moroko tangu mwaka 1786, nayo haikutaka kumwudhi Sultani. Sultani wa wakati huo, naye kwa jina Abdulrahman, akataka Mwislamu yule aachwe. Henry Clay, waziri wa mambo ya nchi za nje, akalifikisha shauri kwa Rais John Quincy Adams, nalo likakubaliwa. Mfulani wa Timbo akapata uhuru kwa kudhaniwa Mmoroko! Foster alimwachilia mwaka 1828 bila kudai fedha, kwa sharti kwamba aondoke nchini. Watu wa Natchez walichanga dola 293, na Isabella akakombolewa kwa 200 kati ya hizo. Watoto tisa walibaki.

Hapa ndipo habari inaponiuma zaidi. Mzee wa miaka 66, akiwa amevalishwa mavazi ya Kimoroko, alizunguka miji ya kaskazini, Baltimore, Boston, New York, Philadelphia, akiomba fedha za kuwakomboa wanawe. Alionana na Rais Adams mwenyewe, lakini serikali haikutoa kitu kwa ajili ya watoto. Wafanya biashara walimsaidia wakitumaini atawafungulia njia ya dhahabu ya Timbo. Chama kilichokuwa kikiwapeleka watu weusi Liberia kilimsaidia kikitumaini ataieneza Injili, na yeye hakuwakatisha tamaa, aliahidi. Walimwomba awaandikie kwa Kiarabu ile sala ya Kikristo ya Baba Yetu. Aliandika, wakashukuru, wakaziweka karatasi zile kama hazina. Waliokuja baadaye wenye kujua Kiarabu walizisoma, wakakuta ni Suratul-Fatiha.

Wako watakaosema alidanganya. Mimi namwona baba aliyeulizwa na kila mtu atatoa nini, naye hana alichonacho ila maneno, na hata hivyo liko neno moja ambalo hakukubali kulitoa.

Mwaka huo wa 1828 ulikuwa wa uchaguzi, na magazeti ya kusini, la Marschalk likiwemo, yakamtumia kumshambulia Adams kwa ajili ya Andrew Jackson. Foster naye alikasirika kusikia kwamba aliyetakiwa kuondoka anahutubia mikutano ya kaskazini. Fedha zilizopatikana hazikufika dola 4,000, wala hazikutosha. Februari 1829 mume na mke walipanda merikebu Harriet kutoka Virginia, wakafika Monrovia mwezi Machi. Alipoikanyaga ardhi ya Afrika alirejea wazi kwenye ibada yake ya Kiislamu. Akapeleka habari Timbo, akangoja mvua zipite ili asafiri. Homa ikamwahi. Alifariki tarehe 6 Julai 1829, na Timbo hakuiona. Yasimuliwa kwamba msafara wa jamaa zake ulikuwa umekwisha kuondoka na dhahabu, na uliposikia kwamba amekufa ukarudi.

Foster naye alikufa mwaka huo huo, na watumwa wake wakagawanywa kwa warithi. Kwa fedha zile zilizochangwa walikombolewa wana wawili, Simon na Lee, pamoja na jamaa zao, jumla watu wanane, wakafika Monrovia mwaka 1830 kwa mama yao Isabella. Ndugu zao wengine walibaki Mississippi, katika mashamba ya pamba.