Konrad Gessner na Faharasa Yake

Konrad Gessner alizaliwa Zürich, nchi ya Uswisi, mwezi Machi 1516. Baba yake alikuwa fundi wa ngozi za manyoya, maskini mwenye watoto wengi. Mwaka 1531 aliuawa katika vita vya Kappel, vita vile vile alimokufa Zwingli, mwongozi wa matengenezo ya Kanisa. Kijana alisomeshwa kwa msaada wa walimu wake, na alipotimiza miaka 21 alikuwa akifundisha Kiyunani huko Lausanne. Baadaye akawa daktari.

Mwaka 1545 alitoa orodha kubwa ya vitabu vya Kilatini, Kiyunani na Kiebrania, iliyofuata alfabeti ya majina ya waandishi. Lakini aliyetaka vitabu juu ya homa, naye hajui mwandishi hata mmoja, angerudi mikono mitupu. Ndipo mwaka 1548 akatoa kitabu kingine, Pandectae, kilichopangwa kwa mambo yenyewe, kuanzia sarufi. Chini ya kila jambo msomaji alielekezwa kwa mwandishi na kitabu chake.

Alifanyaje kazi hiyo? Aliandika upande mmoja tu wa karatasi, kila jambo mstari wake, bila kujali mfuatano. Kisha alikata kwa mkasi, akatenga vipande mafungu mafungu, akavibandika kwa gundi inayolainika kwa maji, maana alijua atataka kuvihamisha. Hata vitabu vilivyochapwa alivikata ili asipoteze muda kunakili. (Sisi tuliolinda vitabu vya shule miaka mingi, hapo tulishtuka!) Siku hizi kompyuta hupanga maneno kwa kufumba na kufumbua. Hata hivyo, kuamua kitabu kiwekwe chini ya jambo gani, na kama anayetafuta homa aelekezwe pia kwenye malaria, bado ni kazi ya kufikiri kama yake.

Gessner alikusudia sehemu 21. Sehemu 19 zilitoka mwaka 1548, na ile ya 21, ya teolojia, ikatoka 1549. Ya 20 ilikuwa ya tiba, kazi yake mwenyewe, naye hakuiachia kwa kuwa hakuiona imekamilika. Hatumlaumu, nasi tulipokuwa tukifundisha, somo tulilolijua zaidi ndilo lililotuchelewesha kuandaa.

Tarehe 13 Desemba 1565 alikufa kwa tauni mjini Zürich, alikokuwa daktari wa mji, akiwa na umri wa miaka 49. Sehemu ya 20 haikuchapwa.