Aniceti Kitereza

Aniceti Kitereza (1896 – 1981) alikuwa mwandishi wa riwaya na mkusanyaji wa habari za jadi kutoka kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Viktoria, nchini Tanzania. Anajulikana hasa kwa riwaya ya kihistoria Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, aliyoiandika kwanza kwa Kikerewe, lugha yake ya kuzaliwa. Ilimchukua zaidi ya miaka 30 kuifikisha kwa wasomaji, na yeye mwenyewe hakuwahi kuishika ikiwa imechapishwa.

Maisha

Kitereza alikuwa wa ukoo wa watemi wa Ukerewe. Mwaka 1905 aliingia shule ya misheni ya Kagunguli, iliyoendeshwa na Mapadre Weupe wa Kanisa Katoliki. Mwaka 1909 alikwenda kusoma katika seminari ya Rubya, ambayo leo iko mkoani Kagera. Huko alijifunza Kilatini na Kijerumani, pamoja na falsafa na teolojia. Hakuendelea hadi upadre, bali mwaka 1919 alimwoa Anna Katura. Watoto wao wote walifariki wakiwa wadogo.

Baadaye alifanya kazi Mwanza katika kampuni ya wafanyabiashara Waitalia. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipoanza alirudi Ukerewe, akawa katekista na mfasiri wa misheni.

Riwaya yake

Kitereza aliona kwamba vijana waliosoma shule hawakujua tena jinsi babu zao walivyoishi. Wazee waliokumbuka walikuwa wakipungua. Aliamua kuyaweka maarifa yao ndani ya hadithi, ili msomaji ajifunze huku akiburudika. Alikamilisha mswada mwaka 1945.

Hadithi inahusu Ukerewe ya kabla ya kuja kwa Wazungu. Myombekere na mkewe Bugonoka wanapendana lakini hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga mke, hata wazazi wake wanamrudisha kwao. Myombekere anakwenda kwa wakwe kuomba mkewe arudishwe, nao wanamtoza pombe ya ndizi. Baadaye wawili hao wanatafuta tiba kwa mganga, na hatimaye wanapata mwana, Ntulanalwo, na binti, Bulihwali. Sehemu ya pili inafuata maisha ya watoto hao.

Ndani ya masimulizi hayo mwandishi anaeleza kilimo, uvuvi, utengenezaji wa pombe, dawa za miti, adabu za ukweni, ndoa na mazishi. Kwa sababu hiyo kitabu husomwa kama riwaya na pia kama kumbukumbu ya utamaduni.

Safari ya mswada

Ilikuwa vigumu kupata mchapishaji wa kitabu kirefu katika lugha yenye wasemaji wachache. Padre Almas Simard, mmisionari kutoka Kanada aliyemtia moyo Kitereza, alianza kukitafsiri kwa Kifaransa, lakini alifariki kabla kazi yake haijachapishwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanahistoria Mmarekani Gerald Hartwig na mkewe Charlotte, waliokuwa wakifanya utafiti Ukerewe, walimshauri aandike upya kitabu kwa Kiswahili. Kitereza, aliyekuwa na umri wa zaidi ya miaka 70, aliifanya kazi hiyo mwenyewe. Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ilitoa kitabu mwaka 1980, lakini kilichapwa nchini China. Kitereza alifariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia.

Athari

Baada ya kifo chake riwaya ilivuka mipaka ya Tanzania. Wilhelm Möhlig aliitafsiri kwa Kijerumani katika juzuu mbili, na tafsiri ya Kifaransa pia ilitolewa. Tafsiri ya Kiingereza ilifanywa na mwandishi Gabriel Ruhumbika, mzaliwa wa Ukerewe aliyeufahamu mswada wa Kikerewe, ikachapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2002.

Ukerewe ilitoa pia Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa Rosa Mistika. Kezilahabi aliandika juu ya jamii iliyokuwa ikibadilika baada ya uhuru, wakati Kitereza alihifadhi ile iliyotangulia mabadiliko hayo. Wanafunzi wa fasihi na historia wanamsoma Kitereza hadi leo, kwani mengi aliyoyaandika yalikuwa yamebaki vichwani mwa wazee tu.