Mwalimu wa Kiswahili katika Kambi ya Sachsenhausen: Maisha ya Bayume Mohamed Husen (1904–1944)

Miongoni mwa wenyeji wa Afrika ya Mashariki waliofundisha Kiswahili mjini Berlin, anayekumbukwa zaidi na wanataaluma ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, na sababu yake ni wazi: mchango wake katika Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokitoa Carl Velten mwaka 1903, ungali ukisomwa. Bayume Mohamed Husen hakuacha kitabu. Alichoacha ni karatasi katika majalada ya serikali: dai la mshahara, ombi la nishani, habari za ujira mdogo wa kufundisha, na mwisho kabisa kumbukumbu ya kifo katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Hata hivyo historia ya taaluma ya Kiswahili barani Ulaya haikamiliki pasipo yeye, maadamu dola iliyoitumia elimu yake ndiyo hiyo hiyo iliyomwangamiza.

Alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904, akaitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake alikuwa askari wa zamani wa jeshi la kikoloni la Wajerumani, mwenye cheo cha efendi, ambacho Mwafrika hakuweza kukivuka katika jeshi hilo. Kwa mtoto wa pwani, nyumba ya efendi ilikuwa nyumba ya heshima, ya mshahara wa fedha taslimu, na ya lugha ya Kijerumani iliyojifunzwa mapema. Katika Nyanda za Juu za Kusini sura ya askari ilikuwa nyingine kabisa. Wahehe walikutana naye Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, walipouteketeza msafara wa Emil von Zelewski, wakakutana naye tena mwaka 1894 ngome ya Kalenga ilipobomolewa. Katika vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka mmoja baada ya Husen kuzaliwa, askari ndiye aliyetumwa kuchoma mashamba na maghala ya Ungoni na Ubena, hata njaa ikaua wengi kuliko risasi. Jambo hili halina budi kushikwa tangu mwanzo, kwani utiifu wa Husen kwa Wajerumani, ambao waandishi wa Ulaya huuona kuwa ni wa kusikitisha tu, haukuwa kitu cha kusikitisha tu kwa mtu aliyeutazama kutoka Iringa au Njombe.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, Husen aliingia jeshini pamoja na baba yake. Alikuwa na umri wa miaka 10. Mwezi Oktoba 1917 alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, katika nchi ya nyuma ya Lindi, akatekwa na Waingereza. Kwa kutekwa huko alinusurika na mwaka wa mwisho wa vita, ambamo Jenerali Lettow-Vorbeck alirejea kutoka Msumbiji, akapita Ubena mwezi Oktoba 1918, akielekea mpaka wa Rhodesia ya Kaskazini huku akichukua wapagazi na vyakula vya wanavijiji njiani. Jeshi hilo lilisalimu amri Abercorn tarehe 25 Novemba 1918. Askari walibaki na madai ya mishahara ya miaka ambayo hawakulipwa, na wapagazi wengi hawakubaki hata na dai.

Baada ya vita Husen alifanya kazi ya utumishi melini, na mwaka 1925 akawa mhudumu wa mezani katika meli ya Deutsche Ost-Afrika Linie. Mwaka 1929 alishuka Ujerumani akaenda Berlin, kwenye Wizara ya Mambo ya Nje, kudai malimbikizo ya mshahara wake na wa baba yake. Alijibiwa kwamba muda wa kudai umekwisha kupita. Hakurudi. Alipata kazi ya kuhudumia wateja katika Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe ambalo kila ukumbi wake uliigiza nchi fulani ya dunia, na ambalo mtu mweusi aliajiriwa humo kwa kuwa rangi yake ilikuwa sehemu ya mapambo.

Kazi yake ya pili ndiyo inayowahusu zaidi wasomi wa Kiswahili. Seminari ya Lugha za Mashariki ya Berlin, iliyofunguliwa mwaka 1887, ilikuwa imekwisha kuwatumia wenyeji kadhaa wa pwani kama wasaidizi wa lugha. Husen aliingia katika nafasi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1930, akafanya kazi pamoja na Diedrich Westermann, mmoja wa wanaisimu mashuhuri wa lugha za Kiafrika wa zama zile. Msaidizi wa lugha hakuwa mhadhiri. Profesa alifundisha sarufi na kuandika vitabu. Msaidizi alitoa matamshi, mazungumzo na mifano, akalipwa ujira mdogo. Mgawanyo huo wa kazi, ambamo mjuzi wa lugha huhesabiwa kuwa kifaa na mwenye kuichambua huhesabiwa kuwa mwanachuoni, haukuanzishwa na Wanazi wala haukufa pamoja nao. Chini yao, hata hivyo, ulipata maana ya ziada. Katika miaka ile ile ambayo Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikuwa ikisanifisha Kiswahili kwa ajili ya shule za makoloni ya Waingereza, Husen alikuwa akiwafundisha maofisa na polisi wa Kijerumani Kiswahili cha kuitawala nchi ambayo hawakuwa nayo tena.

Tarehe 27 Januari 1933 Husen alimwoa Maria Schwandner, mwanamke wa Kijerumani kutoka Sudeten. Siku tatu baadaye Adolf Hitler aliteuliwa kuwa Kansela. Mwaka huo huo alizaliwa mtoto wao Ahmed, na mwaka 1936 akazaliwa Annemarie. Vilevile walimlea kama mtoto wao Heinz Bodo, ambaye Husen alimzaa na mwanamke mwingine wa Kijerumani. Ahmed alifariki mwaka 1938 na dada yake mwaka 1939.

Miaka hiyo ndiyo ambayo Wayahudi wa Ujerumani walitolewa hatua kwa hatua katika kila kazi, kila shule na kila haki. Husen hakuhitaji kwenda mbali kuyaona. Eugen Mittwoch, mtaalamu wa Kiarabu na lugha za Kisemiti ambaye aliongoza Seminari tangu 1920, alikuwa Myahudi. Kufikia mwaka 1935 alikuwa ameondolewa chuoni kwa sababu ya asili yake; baadaye alikimbilia Uingereza, akafia London mwaka 1942. Kwa upande wa pili, wapo wanataaluma wa Kiswahili waliojiunga na chama cha Nazi kwa hiari. Ernst Dammann, ambaye ukusanyaji wake wa tenzi za Kiamu hauwezi kupuuzwa na mtafiti yeyote wa ushairi, alikuwa mwanachama tangu mwaka 1931, na alipokuwa mmisionari Tanga kati ya 1933 na 1937 aliongoza tawi la chama hicho huko. Taaluma hiyo moja, basi, ilikuwa na aliyefukuzwa, aliyenufaika, na Husen katikati, ambaye alivumiliwa kwa muda alipohitajika.

Sheria za Nuremberg za tarehe 15 Septemba 1935 ziliwakataza Wayahudi kuoana na Wajerumani au kuwa na uhusiano wa kimwili nao. Miezi miwili baadaye serikali ilielekeza kwamba katazo la ndoa liwahusu pia watu weusi na Wagipsi. Ndoa ya Husen, kwa kuwa ilitangulia, haikuvunjwa. Lakini mwaka huo huo wa 1935 alipoteza kazi Haus Vaterland kutokana na malalamiko ya wafanyakazi wenzake. Wenyeji wa makoloni ya zamani walioishi Ujerumani hawakuwahi kuwa raia kamili. Sasa hata pasipoti za Kijerumani walizokuwa nazo zilibadilishwa zikawa hati za wageni.

Njia aliyoichagua Husen katika hali hiyo ni ile aliyoijua tangu utotoni. Alivaa sare ya askari, akasimama katika mikutano ya vyama vilivyodai makoloni yarejeshwe. Mwaka 1934 aliomba nishani ya wapiganaji wa Vita Kuu. Alikataliwa, kwani nishani hiyo kwa kawaida haikutolewa kwa watu weusi. Alishiriki pia katika Deutsche Afrika-Schau, maonyesho ya kuzunguka yaliyowaonyesha Waafrika kwa watazamaji wa Kijerumani hadi yalipofungwa mwaka 1940. Wajerumani waliowapigia makofi askari hao wa maonyesho walikuwa na nchi maalumu akilini. Tangu mwaka 1925 walowezi wa Kijerumani walikuwa wameruhusiwa kurudi Tanganyika, na baadhi yao walishika mashamba katika nyanda za Iringa na Mbozi. Chama cha Nazi kilikuwa na wafuasi miongoni mwao, ambao walitazamia bendera ya Hitler ipandishwe huko mpaka walipokamatwa na Waingereza mwezi Septemba 1939. Mwezi huo huo vita vilipoanza, Husen aliomba kuingia katika jeshi la Ujerumani. Alikataliwa tena.

Ni rahisi kumhukumu. Mtu mweusi aliyejitolea kuipigania dola ya Hitler anaonekana kuwa kipofu au msaliti, na kwa mwenye kukumbuka Kalenga anaonekana kuwa askari yule yule. Lakini madai yake yote, kuanzia mshahara wa 1929 hadi nishani ya 1934 na ombi la 1939, yalikuwa dai moja: kwamba deni lipo na mdaiwa anajulikana. Alishikilia mkataba ambao upande wa pili haukuwahi kuuona kuwa mkataba.

Kati ya mwaka 1934 na 1941 Husen alionekana katika filamu zisizopungua 23, mara nyingi akiwa mtumishi, mpagazi au mtu wa pembeni asiye na maneno mengi. Sehemu yake kubwa zaidi ilikuwa ya mwisho: kiongozi wa njia aitwaye Ramasan katika filamu Carl Peters ya mwaka 1941, iliyoongozwa na Herbert Selpin. Peters wa historia alijitwalia nchi ya Usagara na jirani zake kwa mikataba ya hila mwaka 1884, akafukuzwa kazi mwaka 1897 kwa sababu ya ukatili wake Kilimanjaro, ambako aliwanyonga mtumishi wake na msichana wa Kiafrika aliyekuwa akiishi naye. Filamu inamfanya shujaa aliyehujumiwa, na miongoni mwa wahujumu imewaweka Wayahudi walioko serikalini na bungeni. Hivyo Husen alitoa sura yake na Kiswahili chake kwa kazi iliyofundisha chuki mbili kwa pamoja, dharau kwa Mwafrika na uadui kwa Myahudi, na ya pili ilikuwa karibu kugeuka mauaji ya halaiki.

Wakati wa kutengeneza filamu hiyo alianza uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Habari zikafikishwa kwa Gestapo, na mwezi Agosti 1941 alikamatwa kwa kosa la kuchafua mbari, neno ambalo mahakama za Ujerumani zilikuwa zimelizoea katika kesi za Wayahudi. Hakufikishwa mahakamani. Mwezi Septemba alipelekwa Sachsenhausen, kaskazini ya Berlin.

Alifika huko katika majira mabaya kupita kiasi. Katika majuma hayo hayo mateka wa jeshi la Kisovieti zaidi ya 10,000 walipigwa risasi kambini humo. Tarehe 18 Oktoba 1941 gari-moshi la kwanza la Wayahudi wa Berlin liliondoka kuelekea Łódź. Zaidi ya 50,000 walihamishwa kutoka mji huo kabla ya vita kwisha, na wengi mno hawakurudi. Sachsenhausen yenyewe iliwapokea Wayahudi wapatao 6,000 baada ya ghasia za Novemba 1938, na mwezi Oktoba 1942 karibu wote waliobaki humo walipelekwa Auschwitz. Tofauti haina budi kuwekwa bayana. Wanazi waliazimia kumwua kila Myahudi, mkubwa na mdogo, popote alipo, na waliua milioni 6. Kwa watu weusi wa Ujerumani, ambao hawakuzidi elfu chache, hakukuwa na azimio la namna hiyo: kulikuwa na kufukuzwa kazini, kuhasiwa kwa nguvu kwa watoto karibu 400 wa eneo la Rhine mwaka 1937, na kambi kwa mmoja mmoja. Lakini sheria iliyomfunga Husen ilikuwa imetungwa kwa ajili ya Wayahudi, na lango aliloingilia ni lile lile waliloingilia wao.

Aliishi kambini miaka mitatu na zaidi. Alifariki tarehe 24 Novemba 1944, akiwa na umri wa miaka 40, miezi mitano kabla ya kambi kukombolewa. Heinz Bodo, mtoto aliyekuwa amebaki, alifariki mwaka 1945.

Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani ya Magharibi ilikubali kuwalipa askari wazee waliokuwa hai Tanzania malimbikizo ya mishahara ya vita vya 1914 hadi 1918. Mwaka 2007 ulitolewa wasifu wake kamili, kazi ya mtafiti Marianne Bechhaus-Gerst, na mwaka huo huo jiwe dogo la shaba lenye jina lake liliwekwa mbele ya nyumba namba 193 katika mtaa wa Brunnenstraße. Katika mtaa huo huo, namba 33, liko sinagogi la Beth Zion, na mawe mengine ya namna hiyo katika mitaa ya jirani yana majina ya Wayahudi.