Galileo Galilei na Elimu ya Boriti: Maisha Yake Yakitazamwa kutoka Kyela

Galileo Galilei anafahamika zaidi kwa darubini yake na kwa hukumu aliyopewa Roma mwaka 1633. Makala haya yanamtazama kwa upande usiozungumzwa sana, yaani kama mwanzilishi wa elimu ya uimara wa boriti, na kama mwanazuoni aliyeiandika elimu hiyo kwa lugha ya watu wake. Mifano imechukuliwa kutoka Kyela na ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Huko mwanzi, ubao na chombo cha majini, vitu ambavyo kwavyo hoja zake zinaweza kupimwa, vinapatikana mahali pamoja.

Alizaliwa Pisa tarehe 15 Februari 1564. Baba yake, Vincenzo, alikuwa mwanamuziki aliyependa kupima mwenyewe nyuzi za ala kuliko kuyakubali tu maandishi ya wakale, na yaelekea tabia hiyo ilirithiwa. Mwaka 1581 kijana aliingia Chuo Kikuu cha Pisa kusomea utabibu, akaondoka mwaka 1585 bila shahada kwa kuwa hisabati ilikuwa imekwisha kumteka. Alirejea chuoni hapo mwaka 1589 akiwa mwalimu wa somo hilo. Kuanzia 1592 hadi 1610 alifundisha Padua, katika dola ya Venice.

Miaka hiyo 18 ndiyo iliyozaa elimu ya boriti. Venice ilikuwa na karakana kubwa ya kuundia meli, na Galileo hakuona aibu kujifunza kwa mafundi wake. Huko alikutana na jambo ambalo wanajiometria wa wakati wake hawakuwa na jibu lake. Meli kubwa, hata ikiundwa kwa uwiano uleule wa meli ndogo, huhitaji viegemeo vingi zaidi inaposhushwa majini, la sivyo huweza kuvunjika kwa uzito wake yenyewe. Jiometria peke yake ingesema kwamba maumbo yanayofanana yana nguvu zinazofanana.

Tuchukue mtumbwi wa gogo moja wa Matema, na tukuze kila kipimo chake mara 2. Uzito wake utakuwa mara 8. Kwa kuwa urefu nao umeongezeka maradufu, momenti ya kuupinda itakuwa mara 16, ilhali uwezo wa mkato wake kuihimili momenti hiyo ni mara 8 tu. Kwa hiyo mkazo ndani ya mti huongezeka maradufu, ingawa umbo halikubadilika hata kidogo. Ndiyo maana meli za chuma zilizoundwa Itungi haziwezi kuwa mitumbwi iliyokuzwa. Mifupa yake sharti ipangwe upya.

Darubini ya mwaka 1609 ilimwondoa katika masuala haya kwa muda mrefu. Alihamia Florence, akaonywa mwaka 1616 asiitetee nadharia ya Copernicus, akachapisha kitabu chake cha majadiliano mwaka 1632, na mwaka uliofuata akalazimishwa kuikana nadharia hiyo. Alifungiwa nyumbani kwake Arcetri. Mwezi Aprili 1634 alifiwa na binti yake mtawa, Maria Celeste. Katika upweke huo aliyarudia maandishi ya Padua. Kitabu kilichotokana nayo kilichapishwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1638, mbali na mamlaka zilizomhukumu. Wakati huo mwandishi alikuwa amekwisha kupofuka.

Kitabu hicho ni mazungumzo ya watu watatu kwa Kiitaliano. Kilatini kimeachiwa zaidi sehemu za nadharia zilizopangwa kihisabati. Uamuzi huo unatuhusu sisi tunaojadili kama Kiswahili kinaweza kufundishia uhandisi. Kiitaliano hakikusubiri kwanza kupatiwa istilahi zote. Kiliazima msamiati wa mafundi. Kiswahili nacho kina neno boriti, na wajenzi wa pwani walijua tangu zamani kwamba urefu wa boriti ya mkoko ndio unaoamua upana wa chumba.

Sasa tuingie katika hoja yenyewe. Galileo aliwaza boriti iliyochomekwa ukutani upande mmoja na kutundikwa uzito upande wa pili. Alidhani kwamba nyuzi zote za mti kwenye mkato huvutwa kwa nguvu sawa, na kwamba boriti huvunjika kwa kuzunguka ukingo wake wa chini. Ukweli ni kwamba upande wa juu huvutwa, upande wa chini hubanwa, na kati yake uko mstari usiovutwa wala kubanwa. Mkazo mahali popote ni momenti ya kupinda, mara umbali kutoka mstari huo, gawanya kwa momenti ya inesha ya mkato. Kwa boriti ya mstatili, hesabu ya Galileo huipa nguvu mara 3 ya ile iliyo nayo.

Hata hivyo, ulinganisho wake wa mistatili ulikuwa sahihi. Ubao wa sm 20 kwa sm 5 ukisimamishwa kwa ubavu una nguvu mara 4 ya ubao huohuo ukilazwa, na hesabu ya leo hutoa jibu lilelile.

Kuhusu mrija aliona mbali zaidi. Alieleza kwa nini mifupa ya ndege na matete ni mitupu ndani. Kyela mfano ulio karibu ni mwanzi, ambao Wanyakyusa waliujengea nyumba zao kwa vizazi vingi. Tuseme kipenyo cha nje ni sm 10 na unene wa ukuta ni sm 1. Fimbo isiyo na tundu yenye eneo hilohilo la mkato ingekuwa na kipenyo cha sm 6. Momenti ya inesha ya mwanzi ni takriban sm⁴ 290, na ya fimbo ni sm⁴ 64. Ikiwa mada yao ni moja, mwanzi ni mgumu kupinda mara 4.6, na nguvu zake ni mara 2.7. Kanuni ya Galileo ingetoa mara 1.7 tu. Hapa aliupunja mwanzi, ingawa mwelekeo wa hoja ulikuwa sahihi. Vifundo, ambavyo hesabu hii haivigusi, huuzuia mrija usibonyee.

Galileo alifariki Arcetri tarehe 8 Januari 1642, akazikwa pasipo fahari katika chumba kidogo cha kanisa la Santa Croce, Florence. Mabaki yake yalihamishiwa kwenye kaburi la heshima mwaka 1737. Kufikia hapo ilikuwa imepita miaka 24 tangu Mfaransa Antoine Parent achapishe mgawanyo sahihi wa mikazo, lakini wahandisi hawakumjali. Coulomb aliufikia tena mwaka 1773, na ni baada ya mihadhara ya Navier kuchapishwa mwaka 1826 ndipo ulipoingia katika mafunzo ya kawaida ya wajenzi.